Uji wa Nguruwe wa Yuliana

Nguruwe wa Yuliana alianza kukohoa Alhamisi, zikiwa zimebaki siku kumi azae, na kufikia Jumamosi Kinole nzima ilikuwa imeshamhukumu. Walisema ni homa ya nguruwe, ile isiyo na dawa, achinjwe kabla hajamaliza mabanda ya wenzake. Elia Mnyamwezi, jirani na mtani wake, akaja mapema kudai paja la matanga.

Yuliana hakucheka. Alimpenda nguruwe yule kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Kila jioni alimpikia uji wa pumba, akainama juu ya ndoo mbele ya pua yake na kuupuliza mpaka upoe, maana mjamzito hapewi chakula cha moto.

Jumapili Stella, afisa mifugo, alipanda kutoka Morogoro na vipimo vya mafua vya binadamu. Elia akauliza kama nguruwe naye ana kadi ya bima. Stella akaeleza kwamba kirusi cha mafua hakiulizi pua ni ya nani, kwa hiyo kipimo cha mtu huenda kikakiona hata kwa mnyama. Jibu la uhakika lingetoka maabara ya mjini. Akaingiza kijiti cha pamba puani. Nguruwe akapiga chafya, akamlowesha Elia shati zima. Mistari miwili ikajitokeza kwenye kipimo. Mafua.

Yuliana akashusha pumzi, na pumzi ile ikaishia kwenye kikohozi.

Stella akamgeukia, akamuuliza yeye alianza kukohoa lini. Tangu Jumatatu, Yuliana akasema. Kijiti cha pili kikaingia puani mwake, na mistari ikawa miwili vilevile.

"Mama, nadhani si yeye aliyekuambukiza," Stella akasema taratibu. "Ni wewe uliyemwambukiza yeye."

Yuliana aliona aibu ya mwaka. Siku ya tatu maabara ikathibitisha kuwa ni mafua tu, homa ya nguruwe haipo, na hakuna wa kuchinjwa. Ila Yuliana asikanyage bandani wiki nzima. Kazi ya ndoo ikamwangukia Elia, maana kwenye shida mtani hakwepi.

Jioni ile Yuliana alichungulia akiwa mbali, barakoa usoni. Elia, naye na barakoa yake, alikuwa ameinama juu ya ndoo akiupepea uji kwa ungo.

"Subiri kidogo, shemeji," alikuwa akimbembeleza nguruwe. "Bado wa moto."

Habari za paja hakuzitaja tena.