Alama ya X Kwenye Titi la Kulia

Fundi cherehani ambaye wateja wake walimwita Sentimita hakuwa mtu wa kukosa la kusema. Kwa miaka ishirini na miwili, utepe wa kupimia ukiwa shingoni, alikuwa amewapima wanawake wa kila umbo na kuwatania wote, na hakuna aliyetoka kibandani pake amenuna. Ila siku alipojipima mwenyewe kwa ajili ya blauzi mpya, utepe ukapita juu ya kitu kigumu ndani ya titi la kushoto, kikubwa kama kifungo cha koti, na maneno yakamkauka kinywani. Akaukunja utepe, akakikunja na kile kitambaa, akajifanya hakuona kitu kwa miezi mitatu. Mtu mzima na akili zake timamu!

Dada yake mkubwa ndiye aliyemkamata, alipomkuta anakata nguo kwa mkono mmoja huku mwingine amejishika kifuani. Dada huyo hakujua kubembeleza. Kesho yake walikuwa zahanati, na wiki iliyofuata hospitali kubwa, kwenye mashine ya picha iliyombana titi kama nguo chini ya pasi. Kisha sindano nene ikachomoa kinyama kidogo kikapelekwa kupimwa. Siku kumi za kusubiri majibu Sentimita hakula cha maana. Alishona suruali ya mteja akaziba miguu yote miwili, na hakugundua mpaka mwenyewe alipokuja kuijaribu.

Majibu yalikuwa saratani. Daktari wa upasuaji, mwanamke mwenye sauti ya chini, alieleza kwamba titi lote litaondolewa, kisha zitafuata dawa za kuingizwa kwenye mshipa. Maswali yote aliuliza dada, na hata walipoulizwa uvimbe uko upande gani, dada ndiye aliyejibu. Sentimita alikuwa amempa sharti moja tu: lile neno lisitajwe mbele yake, na yeye hatalitaja. Alijiambia kwamba akilitoa mdomoni atakuwa amelikaribisha, na likishakaribishwa halitaondoka.

Asubuhi ya upasuaji daktari alikuja wodini, akachora mshale kwa kalamu juu ya titi la kushoto, akaenda zake. Hapo ndipo hofu mpya ilipomwingia Sentimita, hofu ya kifundi. Mwaka wake wa kwanza kazini aliwahi kukata koti la mteja huku kitambaa kimekunjwa vibaya, akajikuta na mikono miwili ya kushoto. Na siku hiyo alikuwa macho, hana haraka. Je, huyu daktari atakayesimama akimkabili, ambaye kushoto kwa mgonjwa ni kulia kwake? Akajiona anazinduka amebaki na titi bovu, lile zima limeshatupwa. Jasho likamtiririka.

Akaingia bafuni kuoga kwa mara ya tatu tangu alfajiri, akajisugua kwa sabuni mpaka mshale ukabaki kivuli tu. Alipouona umefifia, badala ya kumwita nesi, alifanya kile anachofanya kibandani. Akatoa kwenye mkoba ile kalamu ya wino mzito anayoandikia vifurushi vya wateja, akachora X kubwa juu ya titi la kulia. Kwenye vitambaa vyake X ilikuwa na maana moja: hapa mkasi usipite. Akavaa gauni la hospitali, roho ikatulia kidogo. Hakumwambia mtu.

Walipofika chumba cha upasuaji, dada aliambiwa abaki nje, mlango ukafungwa. Ndani kulikuwa na baridi na harufu ya dawa. Nesi aliyeshika faili akamuuliza jina, akalitaja. Nesi akalifunua gauni kuangalia alama, akasita.

"Mama, nani kaweka X hapa?"

"Mimi."

"Faili linasema kushoto, na kushoto sioni alama ya kueleweka. Humu ndani palipowekwa alama ndipo panapokatwa."

Sentimita akaitazama ile X. Kumbe yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akiuelekeza mkasi kwenye titi zima. Alitaka kueleza habari za koti lenye mikono miwili ya kushoto, lakini aliyezoea kumsemea alikuwa nje. Akageuza kichwa kumtafuta dada, akaona mlango tu.

Nesi akamwita daktari. Daktari akaja amevaa barakoa, akasoma faili, akaitazama picha ya titi iliyowekwa ukutani. Ni wazi aliujua upande, lakini kalamu hakuishika.

"Kilichoandikwa tunakijua," akasema. "Ila hatuanzi mpaka tukusikie wewe. Tunakuondolea nini, na kwa sababu gani?"

Sentimita akaushika mkono wa nesi, akauweka juu ya titi la kushoto, pale penye kifungo. Nesi akatikisa kichwa.

"Kwa mdomo, mama."

Hakuna aliyemharakisha, na hilo lilimtisha zaidi. Akisema, ugonjwa utakuwa wake kweli. Asiposema, watamrudisha wodini nao uko palepale, unakua.

"La kushoto," akasema, na sauti yake akaiona ngeni. "Nina saratani. Iko kwenye titi la kushoto. Kateni hilo, hili jingine mniachie."

Kisha akalia kwa sauti, kilio alichokuwa amekizuia tangu siku ya utepe. Nesi alimwacha alie huku akiifuta ile X kwa pamba yenye spiriti, akafuta na kufuta tena, mpaka akauliza ni wino gani huu.

"Wa vifurushi," Sentimita akajibu katikati ya kwikwi. "Hautoki hata kwa mvua."

Daktari akachora mshale mpya, mnene kuliko wa kwanza, akamwinua kidogo auone. Sentimita akaukagua kama anavyokagua kitambaa kabla ya kukikata, akakubali.

Hofu haikumtoka. Alikwenda nayo hadi mezani, meno yakigongana, ila sasa ilikuwa ya upande mmoja tu.