Kasuku Watano wa Mzee Sylvesta

Kasuku wa kwanza alikufa siku ya Jumanne. Mzee Sylvesta alimkuta sakafuni mwa tundu, juu ya maganda ya ulezi, miguu imekakamaa, na wenzake wanne wamejibana pembeni kana kwamba wanamwogopa. Alimtoa, akamgeuza kiganjani, akampuliza manyoya ya kifuani aone kama kuna jeraha. Hakukuwa na jeraha. Alifuga kuku, bata na ng'ombe maisha yake yote, na alijua kwamba mnyama anayekufa kwa ugonjwa hunywea kwanza, hujikunyata siku mbili tatu. Huyu jana yake jioni alikuwa anapiga mluzi.

Walikuwa kasuku wadogo wa kijani na manjano, wadogo hata kuliko njiwa. Shemeji yake aliwaleta kutoka Arusha kumpa dada yake, yaani mke wa Sylvesta, na mama huyo aliwafuga miaka minne katika nyumba yao ya zamani kule Bonga. Alipofariki, mzee alibaki nao. Kisha nyonga ikaanza kumsumbua, na mwanawe Konstantini akamhamishia kwake Singe, pembeni mwa mji wa Babati, yeye na sanduku lake na tundu lake.

Konstantini alikuwa fundi ujenzi, na miaka ile kazi ilikuwa inamfuata mlangoni. Babati ilikuwa imefanywa makao makuu ya mkoa mpya wa Manyara, wageni wanaingia kila wiki wakitafuta pa kukaa. Nyumba yake mwenyewe aliijenga kama anavyowajengea wageni: dari nyeupe iliyoziba kila upenyo, madirisha ya vioo, milango inayokaa kwenye fremu bila kuacha hata nafasi ya unyasi. Alipenda kusema kwamba vumbi la kiangazi likifika kwake linapiga hodi na kurudi.

Mkewe Vailet aliitunza nyumba hiyo kama kanisa. Walikuwa na mtoto mmoja wa miezi minane, aliyepewa jina la bibi yake, Xaveria, na mzee alipenda kumwita mke wangu. Kwa mkamwana wake Sylvesta hakuwa na neno, ila moja tu. Wiki ile ile ya kuhamia, akiwa amelala mchana, alimsikia nyuma ya mlango akimwambia mumewe kwamba nyumba yote inanuka ndege. Konstantini alimwambia anyamaze, baba atasikia. Baba alikuwa ameshasikia.

Kwa hiyo kasuku wa kwanza alipokufa, neno lile lilirudi. Mzee alilifukuza. Akamzika ndege chini ya mgomba.

Wa pili alikufa wiki iliyofuata, naye vilevile bila kuugua. Hapo Sylvesta aliacha kulifukuza lile neno. Aliuhamishia ulezi kwenye kopo lenye kifuniko, akaliweka ndani ya sanduku lake na kulifunga. Maji ya ndege akaanza kuyateka mwenyewe bombani, akiburuta mguu, na Vailet alipotaka kumsaidia alimjibu kwamba hajafika hapo. Dirisha la chumba chake, ambalo siku zote aliliacha wazi kidogo kwa ajili ya ndege, alilifunga na kukaza komeo, maana upana ule mkono wa mtu ungepita. Siku moja Vailet alipokwenda sokoni, mzee aliingia stoo. Nyuma ya debe la mahindi aliona pakiti ya dawa ya panya. Ilikuwa haijafunguliwa. Mtu mwingine angetulia. Yeye alijiuliza: kama hii ni nzima, iliyotumika iko wapi? Akaitia mfukoni.

Siku ya Alhamisi alirudi mapema kutoka kunyolewa, akakutana na Vailet anatoka chumbani mwa mzee, ameficha kitu chini ya kanga. Alimuuliza alikuwa anafanya nini. Vailet alisema alikuwa anafagia. Lakini hakuwa na ufagio, na chumbani mlikuwa na harufu nzito ya waridi iliyomkaba koo. Sylvesta aliketi kitandani, akawatazama ndege wake watatu wanaohema midomo wazi, akawaza kwamba hakuna anayemwaga harufu nzuri mahali ila ana harufu mbaya ya kufunika. Kikulacho ki nguoni mwako. Tangu siku hiyo alitembea na ufunguo wa chumba shingoni, pamoja na rozari.

Asichokijua ni kwamba Vailet naye alikuwa na shaka zake. Mtoto alikuwa anakohoa. Kikohozi kilianza wiki chache baada ya mzee kuhamia, kikavu, kinachomwamsha mtoto usingizini na kumwacha anakoroma kifuani. Mwanamke mmoja kanisani alimwambia ndege wa ndani huleta ugonjwa wa mapafu. Vailet angemwambiaje mkwe wake jambo kama hilo, kuhusu ndege wa marehemu? Aliona heri anyamaze na asafishe hewa. Alinunua mjini marashi ya kopo ya kupulizia nyumba, akanunua na mafuta ya manukato pamoja na kile kichungu chake kidogo kinachopashwa moto kwa mshumaa. Chumba cha mzee alikipulizia mzee akiwa nje, ili asimwaibishe. Na mzee alipoanza kufunga chumba kwa ufunguo, alikiweka kichungu koridoni, karibu kabisa na mlango wake, harufu ipenye tundu la ufunguo.

Jumapili mzee alikwenda misa ya kwanza. Aliporudi alifungua mlango kwa ufunguo wake, akamkuta kasuku wa tatu amekufa. Mlango ulikuwa umefungwa. Dirisha lilikuwa na komeo. Alisimama hapo muda mrefu akitafuta jinsi mtu alivyoingia, hadi akakumbuka kwamba milango ya nyumba hii iliwekwa na mwanawe, na fundi hakosi ufunguo wa akiba.

Walipoketi kula mchana, aliweka mezani, kando ya sahani ya ugali, ndege aliyekufa na pakiti ya dawa ya panya.

"Mama Xaveria," alisema taratibu, "hawa ndege wamekukosea nini?"

Vailet alimtazama ndege, akaitazama pakiti. Hakulia. "Baba, hiyo ni dawa ya panya wa stoo. Haijafunguliwa."

"Iliyofunguliwa iko wapi?"

"Baba, tafadhali," alisema Konstantini.

"Mwache aulize," alisema Vailet. "Na mimi niulize. Mtoto wangu anakohoa. Kabla ya hao ndege kuingia humu hakuwahi kukohoa. Nimenyamaza kwa heshima yako, Baba, lakini kila nikimsikia anavyohema najiuliza kama ndege wako watamaliza kwanza au mwanangu."

Hakuna aliyekula. Konstantini alimtazama huyu, akamtazama yule, akatoka nje akasimama kwenye lundo la kokoto. Sylvesta alirudi chumbani akaanza kupanga nguo sandukuni. Angerudi Bonga. Lakini kabla ya kuondoka alitaka awe na ushahidi mkononi, wasije wakasema uzee umemharibu akili. Jumatatu asubuhi, Vailet akiwa anaanika nguo, alilichukua kopo la marashi kabatini, akaliviringisha kwa gazeti, akaenda mjini.

Kopo lilikuwa na karatasi ya duka la Sabaha, mwanamke wa makamo aliyeuza udi, ubani na manukato jirani na soko. Njiani kote mzee alikuwa anamshuku hata huyo, kwamba huenda wanawake hao wawili wanajuana kwa jambo.

"Shikamoo, Mzee," alisema Sabaha.

"Marahaba." Akalifungua gazeti. "Mwanangu, niambie ukweli. Humu ndani umetia nini?"

Sabaha hakuudhika. Alisema halitengenezi yeye, analiuza tu, na kwamba ni marashi ya kawaida. Mzee alimweleza habari za ndege, wa kwanza, wa pili na wa tatu. Sabaha alisikiliza hadi mwisho, akamsogezea kigoda. Kisha alimwambia kwamba mumewe, Salum, anafuga chiriku, na mwaka wa kwanza wa ndoa yeye Sabaha alifukiza udi sebuleni penye tundu, kutwa nzima, milango imefungwa kwa baridi. Walipoteza chiriku wawili. Tangu hapo tundu linakaa barazani.

"Hii si sumu ya kumtilia mtu," alisema. "Lakini ndege ni mdogo na pumzi yake ni ya haraka. Moshi wa udi, marashi, mafuta yanayochemka, vyote vinamwingia. Sisi pua inawasha tu, yeye anaanguka. Tundu liko wapi?"

"Chumbani kwangu."

"Na dirisha linafunguliwa?"

Mzee alikumbuka lile komeo alivyolikaza kwa mikono yake miwili. Alikumbuka ndege watatu wanahema ndani ya harufu ya waridi, na yeye anazungusha ufunguo ili mkono mbaya usiwafikie.

Sabaha aliona uso wake, akashusha sauti. Aliuliza kama nyumbani kuna mtoto. Mzee alisema yupo, anakohoa. Sabaha alisema yeye si daktari, lakini mtoto huyo angekuwa ni wake, angezima kila kitu leo na kumpeleka hospitali.

Sylvesta alirudi Singe kwa miguu, nyonga inamuuma kila hatua. Alifungua komeo, akafungua madirisha yote ya nyumba, kisha akalibeba tundu hadi barazani. Vailet alisimama uani na beseni la nguo, akidhani mkwe wake ndiyo anaondoka.

"Wa tatu nimemuua mimi," alisema mzee. "Nilimfungia." Akamweleza aliyoambiwa dukani, yote, hata kwamba alilichukua kopo kabatini bila ruhusa.

Vailet aliketi kizingitini. Kisha akainuka, akakitoa kichungu koridoni na kumwaga mafuta yake shimoni. Aliporudi aliuliza kitu kimoja tu. "Na Xaveria?"

Konstantini aliitwa kazini, wakaenda hospitali mchana ule ule, wote wanne. Daktari alisikiliza kifua cha mtoto, akauliza kuhusu moshi, dawa za mbu na manukato, akasema vyote viondolewe ndani ya nyumba. Akaongeza kwamba ndege nao wakae mbali na mtoto, kwa sababu vumbi la manyoya yao si zuri kwa kifua kama hicho. Mzee na mkamwana hawakutazamana.

Kasuku wa nne alikufa baada ya siku mbili. Wa tano alipona, akakaa peke yake barazani akiwapigia mluzi wapita njia. Kikohozi cha mtoto kilipungua polepole, na wiki ya tatu kilikwisha. Konstantini alitoboa dari na kuta kuweka vipenyo vya hewa, akinung'unika kama anatobolewa yeye.

Mzee hakuhama. Aliomba msamaha mbele ya mwanawe, na Vailet alisema yameisha. Lakini kila asubuhi alipomletea uji, alisimama mbele yake, akanywa funda moja kwanza, kisha ndipo akampa kikombe. Sylvesta alitamani kumwambia aache. Kila siku aliyatafuta maneno, na kila siku uji ulipoa mkononi mwake. Ilipita miezi miwili. Asubuhi moja Vailet alipotokea na kikombe, mzee aliinuka kwa shida kitini, akakutana naye njiani, akakipokea kabla hajakifikisha mdomoni, akanywa. Uji ulikuwa wa moto sana, ukamchoma ulimi. Vailet alimwambia apulize kwanza.