Ndege wa Jangwani Juu ya Samadi

Chama chetu cha watazama ndege hapa Lincolnshire, Uingereza, kina sheria moja inayoheshimiwa kuliko kanisa: ndege aliyeonwa na mtu mmoja hayupo. Lazima apatikane shahidi. Na mke si shahidi, kwa kuwa eti mke huona chochote anachoambiwa na mumewe. Ingekuwa kweli, ndoa yangu ingekuwa na amani zaidi.

Mume wangu, Wilfred, aliwahi kuona ndege adimu akiwa peke yake. Wanamcheka mpaka leo. Alichobaki akikitaka duniani ni kuaminiwa mara moja tu.

Jumapili moja mwishoni mwa Novemba tukatawanyika mashambani, kila mtu na darubini yake, kwenye ukungu na baridi ya kukata masikio. Watu wazima na akili zao! Mimi na Wilfred tulikuwa tunakunywa chai kando ya shamba la kabichi aliponishika mkono.

"Doreen, usitikisike. Pale juu ya samadi."

Nikatazama. Ndege mdogo, rangi ya mchanga, koo jeusi, mkia mweusi ti. Ndege wa jangwani, kapotezwa na upepo, kaja kutua kwenye mavi ya ng'ombe wa Kiingereza. Wilfred machozi yalimtoka. Mimi pia nilikaribia.

Mtu pekee wa karibu alikuwa Clifford, akipita kwenye njia ya trekta. Clifford na mume wangu hawapikiki chungu kimoja, lakini Wilfred alimeza kiburi akamwita.

Clifford akainua darubini. Akatazama kwa muda mrefu mno kwa mtu asiyeona kitu.

"Naona samadi tu," akasema.

"Clifford, bwana! Huyo hapo anatikisa mkia!"

"Zeeka taratibu, mwenzangu." Akaenda zake.

Jioni tulikusanyika baa kama kawaida. Mwenyekiti, Bi Hester, huuliza nani kaona nini, na nani shahidi. Jina la mgunduzi huingia kwenye taarifa ya mwaka. La shahidi haliingii popote.

Clifford akasimama. "Ndege wa jangwani, juu ya samadi, kando ya kabichi. Nimemgundua mimi."

Kumbe alimwona palepale, akatuficha!

"Shahidi?" akauliza Bi Hester.

"Wilfred alikuwapo." Akatabasamu. Alijua mume wangu anavyompenda yule ndege, asingekubali ahesabiwe hayupo.

"Mwizi mkubwa we!" nikapiga kelele.

"Doreen, wake hawasemi," akanikatiza Bi Hester, ambaye hajaolewa.

Nikamkanyaga Wilfred mguu. Kubali tu ulimwona, angalau ndege aandikwe! Yeye akaweka bilauri mezani polepole.

"Nilikuwapo, ndiyo," akasema. "Tena nilimwuliza Clifford mwenyewe, akaniambia ni samadi tu. Mimi ni nani hata nimbishie Clifford?"

Watu walicheka hadi wakapiga meza. Clifford akawa mwekundu, na Bi Hester akahamia habari za bata. Ndege tuliyemwona watu watatu akawa hayupo.

Wakampigapiga Wilfred mgongoni, wakamnunulia bia. Kwa mara ya kwanza chama kizima kilimwamini mume wangu, na ni siku aliyodanganya kwa kumkana ndege wake. Aliinywa bia yote bila kuinua macho.