Hamamu ya Wanawake wa Tizgui

Wanawake wa Tizgui tuna hamamu yetu wenyewe, na anayetaka kujua ilijengwaje aniulize mimi Itto, maana mawe yake nimeyabeba kwa mgongo huu huu. Lakini aliyeisimamisha ni jirani yangu Tuda.

Zamani tulikuwa tunavuka mlima kwenda kuoga kijiji cha pili. Unatoka huko umetakata, ngozi laini kama ya mtoto, ukifika nyumbani umeshajaa vumbi na jasho upya. Wakati wa theluji ndiyo usiseme, njia hufunga kabisa. Basi chama chetu cha wafuma mazulia kikaamua akiba yote iende kwenye hamamu. Wanaume hawakupinga, ila walitaka kazi isimamiwe na Hammu, aliyewahi kuchanganya zege huko Agadir. Tukawaambia chama ni chetu na msimamizi atatoka kwetu. Tukamchagua Tuda, mjane wa watu, kwa sababu yeye ndiye pekee kati yetu aliyeweza kumwambia mtu hapana na bado mtu huyo akarudi kesho kunywa chai kwake.

Habari za ujenzi Tuda hakuzijua, na alisema hivyo mbele ya kila mtu. Alikuwa amesikia kwamba mjini Azilal kuna mafunzo ya wasimamizi wa ujenzi. Akajiandikisha, akawa anashuka na gari la soko kila wiki. Darasani alikuwa mwanamke pekee, ukimtoa mwalimu mwenyewe, mhandisi Bushra. Siku ya kwanza wanafunzi wenzake walidhani amekuja kuwaandalia chai, na mmoja akamwagiza isiwe na sukari nyingi. Alituhadithia hayo huku anacheka, akijikanda miguu yake iliyovimba kwa safari.

Jambo la kwanza alilotuletea kutoka darasani lilikuwa swali. Alituita nyumbani kwake, akatutengea mkate wa shayiri na samli, kisha akatuuliza tukisema hamamu imekwisha tutakuwa tunaona nini mbele yetu. Nilidhani ni swali la kitoto. Kumbe kila mmoja wetu alikuwa amejijengea hamamu yake kichwani. Huyu alitaka ukumbi wa chai, yule chumba cha bibi harusi, na Mama Izza, mkwe wa Tuda, alitaka benchi lake peke yake karibu na tanuri. Tulibishana hadi samli ikaisha. Mwishoni tukakubaliana: chumba cha kuvulia nguo, chumba cha uvuguvugu, chumba cha moto chenye kuba, tanuri, na tangi la maji. Tuda akasema jiwe la kwanza likishawekwa, hakuna wa kuongeza kitu mpaka sote tukae tena na kukubali.

"Hata mimi mkweo?" Mama Izza akauliza.

"Wewe ndiye wa kwanza, mama," Tuda akamjibu, akammiminia chai.

Fundi tuliyempata alikuwa Moha, ndugu wa marehemu mume wa Tuda. Nusu ya nyumba za bonde letu zimesimama kwa mikono yake. Anajua mawe kama mchungaji anavyojua kondoo wake, lakini ana haraka. Siku ya kuanza alikuja na vibarua wake, akavuta kamba kuonyesha ukuta wa mbele utakapopita. Tuda akamwomba asubiri. Mfereji wa maji machafu utangulie, akasema, na njia za moshi wa kupasha sakafu, kwa kuwa vyote viwili hupita chini.

"Shemeji, watu wanataka kuona kuta," Moha akasema. "Ukuta ukisimama, kijiji kinachangamka. Mfereji utamchangamsha nani?"

"Wewe utakuwa wa kwanza kuchangamka, siku usipolazimika kuvunja sakafu yako mwenyewe."

"Haya, mwalimu. Naona Azilal wanafundisha na maneno makali."

"Hayo nilikwenda nayo kutoka nyumbani."

Vibarua walicheka, na Moha akacheka nao, akachukua jembe akaanza kuchimba.

Msinidhanie nasema Tuda hakukosea. Alikosea, tena kosa kubwa. Aliona saruji inapatikana soko la chini, akainunua yote mapema, ikapandishwa kwa nyumbu, ikarundikwa uwanjani chini ya turubai lililotoboka. Mvua ya masika ikanyesha wiki nzima. Tulipofunua, mifuko ya chini ilikuwa imeshakuwa mawe. Hammu alipita hapo akatingisha kichwa kwa namna ambayo kila mtu aliiona. Tuda alituita sote, mafundi kwa wafumaji, akasema kosa ni lake, hakuna wa kulaumiwa mwingine. Tangu siku hiyo vifaa vilikuja pale tu vilipokaribia kutumika, vikalala kwenye ghala la ngano la Mama Izza. Tuda alipompigia simu mhandisi Bushra kumweleza, alitegemea kusutwa. Bushra alicheka sana. Akamwambia mwaka wake wa kwanza kazini aliwahi kuletewa milango kabla ya jengo kuwa na kuta.

Kazi ikashika njia. Nilichojifunza kwa kumtazama Tuda ni kwamba msimamizi anaishi wiki mbili mbele ya watu wengine. Sisi tunahangaika na jiwe la leo, yeye anawaza bomba la mwezi ujao. Mabomba yalipokwama mjini kwa sababu barabara imeporomoka, hakuna aliyekaa kivulini. Tuda alishajua nani atafanya nini: vibarua wachonge mawe ya kuba, sisi tuzimue chokaa kwa maji, ikae ndani ya mashimo yake hadi iwe laini kama siagi. Mabomba yalipofika, mawe na chokaa vilikuwa tayari vinayasubiri.

Kuta zikapanda, kuba ikafungwa. Wazee wa kiume wakaanza kupita jioni kutazama, mikono nyuma, wakijifanya wanakwenda kwingine.

Jaribu lenyewe likaja mwishoni mwa vuli. Vilele vya juu vilikuwa vimeshaanza kupata weupe, na vibarua wa Moha walikuwa karibu kushuka tambarare kuchuma zeituni, kama wafanyavyo kila mwaka. Zilibaki kazi mbili kubwa: kutandika mawe ya sakafu na kupiga lipu ya ndani. Moha alikwisha sawazisha sakafu ya chumba cha moto na kuipa mteremko, akataka kutandika siku ileile. Tuda akataka maji yamwagwe kwanza. Moha akasema amepima, na pima maji yake haijawahi kumdanganya. Tuda akasema anaamini, ila maji yamwagwe.

Tukamwaga ndoo baada ya ndoo. Maji yalitelemka vizuri kuelekea kwenye tundu, halafu yale ya upande wa kushoto yakageuka taratibu, yakajikusanya kwenye kona ya mbali na tundu, yakatulia pale kama bwawa.

Hammu alikuwa mlangoni. Masikio ya Moha yalikuwa yameiva. Nilidhani sasa Tuda atamwambia, nilikuambia. Mimi ningemwambia. Yeye alitugeukia, akasema uji umepoa, twende tukale, na akatutoa sote mle ndani, Hammu akiwa wa kwanza. Yeye akabaki na shemeji yake.

Nilisahau shungi langu makusudi, nikarudi kulichukua. Walikuwa wamechuchumaa kando ya yale maji.

"Ardhi imekaa chini upande huu," Moha alikuwa anasema. "Ni ule udongo wa kujazia. Ingekuwa nimetandika, shemeji, ingekuwa aibu ya maisha yangu."

"Hujatandika. Niambie unahitaji nini."

"Watu wangu wote, mpaka wanapoondoka. Lakini nani atapiga lipu? Theluji ikianza na kuta hazijafungwa, zitakunywa unyevu mpaka masika."

"Kuta niachie mimi. Wape watu wako sakafu."

Basi zile kuta zikawa zetu. Moha alituonyesha mara moja namna ya kupaka chokaa tabaka jembamba, na namna ya kuisugua kwa jiwe laini la mtoni ingali mbichi, kisha kuipaka sabuni nyeusi ya zeituni na kuisugua tena, hadi ukuta uwe unateleza na maji yasiweze kupenya. Mikono iliyofunga mafundo ya mazulia maisha yote haikushindwa. Tuda alitugawa kwa zamu, kila kundi ukuta wake, asiwepo wa kumsubiri mwenzake. Chini yetu mafundi walivunja kona, wakashindilia upya. Sisi tukiwa juu ya majukwaa tuliwaimbia, wao wakatujibu chini kwa nyundo. Mama Izza alikuja akachukua jiwe lake, akasugua sehemu ya ukuta iliyo karibu na tanuri, na hakuruhusu mtu mwingine aiguse.

Ndoo zilipomwagwa tena, maji yote yalikwenda kwenye tundu. Moha mwenyewe ndiye aliyeagiza zimwagwe. Mawe yakatandikwa, vibarua wakashuka kwenye zeituni zao, na theluji ya kwanza ilipoanguka ilikuta moshi unatoka kwenye bomba letu.

Siku ya kufungua alikuja bwana mkubwa wa halmashauri. Alikagua, akagonga kuta, akasifia, kisha akamshika mkono Moha, akampongeza kwa kuiongoza kazi nzuri namna ile. Moha hakuuachia ule mkono. Alimvuta yule bwana taratibu kupita katikati ya watu hadi pale Tuda alipokuwa akigawa kuskusi.

"Mimi nimejenga," akasema, kwa sauti ya kusikika. "Aliyeongoza ni huyu. Na kazi yangu nyingine yoyote, akikubali, nataka aiongoze yeye."

Tuda alikuwa na sinia mikononi, hakuweza kupokea mkono wa mtu. Aliinamisha kichwa tu, kisha akawasogezea wote wawili lile sinia.

Wanaume walipoondoka, tukaingia sisi. Kulikuwa na joto zuri, zito, na kuta zinang'aa kwa taa. Wageni kutoka ng'ambo ya mlima walikuja pia, wakawa wanapapasa kuta na kuulizana zimetengenezwaje. Tuda aliingia wa mwisho. Nilimsugua mgongo, nikamsuuza, na kabla sijamaliza kumsuka alikuwa ameshalala palepale kwenye mawe ya moto, mdomo wazi. Mgeni mmoja akauliza yule aliyejinyoosha katikati ya njia ni nani, mbona hamumwamshi.

"Ni msimamizi wetu," Mama Izza akamwambia kutoka kando ya tanuri. "Mzunguke, mwanangu. Pita upande huu."