Dadu Iliyo Chini ya Kabati

*Chaki, mlango wa kushoto wa kabati*

MBINU ZA MNYATIAJI
kwa Tusekile, ambaye hufa mapema kwa sababu ya pupa

Moja. Usipigane uso kwa uso. Adui akishakuona, wewe si mnyatiaji tena. Ni mtu mwembamba mwenye kisu.

Mbili. Tafuta kivuli kwanza, adui baadaye.

Tatu. Subiri mwenzako asimame upande wa pili. Adui aliyebanwa pande mbili lazima ampe mmoja wenu mgongo, na mgongo ndio chakula chako. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Nne. Ukishapiga, ondoka. Usisimame kuitazama kazi yako kama fundi rangi.

Tano.

(Ya tano ilifutwa na bega la mtu. Aliyeiandika hayupo wa kuulizwa.)


1

Tusekile ni mimi. Aliyeandika ni kaka yangu Ambwene, na hiki ni chumba alichokipanga nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, hapa Mbeya. Zamani kilikuwa studio ya picha. Ukutani bado kuna pazia lililochorwa maporomoko ya maji na swala mmoja mwenye miguu mitano.

Kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana tulikaa hapa watatu. Ambwene alikuwa Msimulizi: ndiye aliyetunga mapango, madaraja na majitu, na ndiye aliyesema nini kimetokea. Rafiki yake Gwakisa alicheza Boma, mbeba ngao. Mimi nilicheza Unyayo, mnyatiaji. Tukitaka kufanya jambo gumu tulirusha dadu ya kijani yenye pande ishirini, na namba ikaamua.

Watu wazima, ndiyo. Mwenye kucheka acheke sasa, amalize.


2

TANGAZO KWA WAPANGAJI WOTE WA VYUMBA VYA NYUMA

Mnajulishwa kuwa jengo litafanyiwa ukarabati. Kila mpangaji anatakiwa kuondoa mali zake zote kabla ya Jumatatu saa nne asubuhi. Mali itakayokutwa baada ya muda huo itahesabika kuwa imetelekezwa. Uongozi hautahusika na upotevu wa kitu chochote.

Kwa amri,
Msimamizi wa Jengo


3

Chochote.


4

*Chaki, mlango wa kulia*

SHERIA ZA MEZA

Dadu haihesabiwi mpaka ionwe na watu wawili wanaojua inaamua nini. (Sheria hii imetungwa kwa heshima ya Gwakisa. Anajua kwa nini.)

Dadu ikianguka sakafuni, hapo ilipo ndipo ilipo. Haigeuzwi. Hairushwi tena.

Asiyekuja amelala hemani. Harushiwi dadu, hahesabiwi, na adui haruhusiwi kumgusa.


5

Nikueleze ilivyokuwa, maana bila hili hutanielewa.

Darajani. Mlinzi wa Daraja, jitu la jiwe, amemkaba Boma shingo kwa mkono mmoja, anamninginiza juu ya korongo. Boma hawezi kujinasua. Mlinzi anamtazama Boma, kwa hiyo mgongo wake uko kwangu. Mbinu ya tatu, kama ilivyoandikwa. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya unyatiaji nilikuwa nimesubiri vizuri.

Ambwene akasema, "Tuse, kumi na moja kwenda juu, kisu kinaingia na Boma anapona. Chini ya hapo, mwenzako anaenda korongoni. Rusha."

Nikarusha. Kwa pupa, kama kawaida yangu. Dadu ikaruka nje ya meza, ikadunda sakafuni, ikaingia chini ya kabati.

"Mbio za sakafuni huishia ukingoni," Gwakisa akasema, amejishika shingo kana kwamba anayekabwa ni yeye.

"Msiiguse," Ambwene akasema. "Ngojeni niione."

Akapiga magoti na tochi ya simu. Akalaza shavu sakafuni. Akaiona. Najua aliiona, kwa sababu alicheka.

Halafu


6

Moyo. Tangu utotoni daktari alikuwa ameshasema.


7

Alikuwa akicheka tukishinda. Alikuwa akicheka tukifa. Kicheko ni kilekile, nimekirudia kichwani mpaka kimechakaa, na hakiniambii kitu.


8

UNYAYO:

Mkono wangu uko juu. Umekuwa juu tangu masika. Mgongo wa Mlinzi uko mbele yangu, naona hata nyufa za jiwe lake. Mwenzangu anapumua nusunusu. Mvua ya darajani haidondoki, imesimama hewani. Nani aliyekuwa anatusimulia? Bwana, umeenda wapi katikati ya sentensi?


9

*Kina dada wa saluni ya jirani, dirisha likiwa wazi*

"Yule bado anakuja?"

"Kila Jumamosi. Anafagia chumba kizima, chini ya kabati hafagii."

"Mh. Hapo kuna kitu kimefukiwa."

"We nyamaza, atasikia."

"Asikie. Mimi kile chumba hata unipe bure sikitaki."


10

Nimesikia.


11

Watu huniuliza kwa nini sikuchungulia. Nimechungulia. Kabati ni la mninga, la babu. Limekaa karibu kabisa na sakafu, na ule mwanya wa mbele unatosha vidole tu. Ukimulika unaona kijani na vumbi. Upande wa juu wa dadu hauonekani kutoka hapo nilipo mimi. Sijui shavu la Ambwene lililalaje. Ukiingiza rula utaigeuza, na ikigeuka imekufa. Kuliburuta kabati ni hivyohivyo.

Hapo kuna ukweli. Na kuna ukweli mwingine, ambao si wa kabati: sikutaka kulinyanyua. Dadu ikionekana, mchezo umekwisha. Mchezo ukiisha, kaka yangu hana tena jambo analosubiriwa kulimalizia. Atakuwa amekufa tu, kama watu wote waliokufa.


12

*Mama, akichambua maharage*

"Mwanangu, ninyi mlikuwa mnacheza mchezo gani usioisha?"

"Utaisha Jumatatu, Mama."

"Tumeanua matanga. Nguo zake tumegawa. Hata kiatu chake kile kibovu amechukua mjomba wako, anakivaa shambani. Wewe umebaki na nini?"

"Namba."

"Namba gani?"

"Siijui."

Akaacha kuchambua. Akanisogezea ungo, tuchambue wote. Nililia ndani ya maharage ya watu.


13

*Ujumbe wa simu. Gwakisa yuko Tunduma, mpakani, anafanya kazi na mawakala wa forodha. Hajakanyaga Mbeya tangu mazishi.*

MIMI: Umeliona tangazo nililokutumia?

GWAKISA: Nimeliona. Pole Tuse

MIMI: Njoo Jumatatu. Wabebaji watalinyanyua, sisi wawili tutaangalia. Wewe upande huu mimi upande ule

GWAKISA: Angalia tu mwenyewe

MIMI: Sheria inasema wawili

GWAKISA: Ambwene aliiona. Ukiiona na wewe mmeshatimia wawili

MIMI: Asiyekuja amelala hemani. Hahesabiwi

*(Anaandika. Anaacha. Anaandika.)*

GWAKISA: Tuse, alinifia mikononi. Nilimgeuza nikidhani anatania. Nikamwambia acha ujinga bwana sema namba. Nilimwambia hivyo. Mimi chumba kile sirudi

MIMI: Na Boma je? Amekabwa, Gwakisa

GWAKISA: Najua amekabwa

GWAKISA: Mimi naamka naye


14

Mbinu ya nne: ukishapiga, ondoka. Ile ni ya mnyatiaji. Mbeba ngao kazi yake ni kubaki. Angalia sasa tulivyobadilishana: mwenye ngao amekimbilia mpakani, na mwenye kisu amesimama palepale, mchana kweupe, bila kivuli.

Simlaumu.

Namlaumu.

Simlaumu.


15

Orodha ya vitu vilivyoondolewa chumbani Jumapili, bila msaada wa mtu:

meza
viti vitatu
ramani ya daraja, iliyochorwa nyuma ya kalenda
shuka la Msimulizi (alijifunika akiigiza wafalme, na kukiwa na baridi)
birika
pazia la maporomoko. Yule swala nimemkunja vizuri, miguu yake yote

Vilivyobaki:


16

Mnyatiaji asiye na mwenzake hufanya nini? Nilimwuliza Ambwene siku moja, kabla ya haya yote. Tulikuwa tunakula viazi.

Akasema, "Anakimbia."

"Na kama hawezi kukimbia?"

"Anajificha."

"Na kama hawezi kujificha?"

Alitafuna muda mrefu. Alikuwa mtu wa kujibu upesi, ndiyo maana nakumbuka. Akasema, "Basi anamwomba yeyote aliye karibu asimame tu upande wa pili. Si lazima ajue kupigana. Asimame tu, adui asijue ageukie wapi."

Labda hiyo ndiyo ilikuwa mbinu ya tano. Labda nimeitunga mwenyewe kwa sababu naihitaji. Sina tena mtu wa kunisahihisha.


17

Jumatatu. Baridi. Wabebaji wawili kutoka sokoni, mmoja mzee kidogo, mwingine amevaa kofia ya sufu. Mlangoni amesimama msimamizi wa jengo, na anatazama simu yake.

Nimempigia Gwakisa. Simu imeita mpaka ikakata.

"Dada, tunaliburuta?"

"Hapana. Mlinyanyue. Moja kwa moja juu, msilisukume hata kidogo."

"Huu ni mninga, dada."

"Najua, baba. Nawaomba."

Wanaweka mabega yao kwenye milango. Naiona chaki ikihama kutoka kwenye ubao kwenda kwenye koti la yule mzee: kivuli, mgongo, ondoka. Maneno ya kaka yangu yanakwenda sokoni yamebebwa mgongoni na mtu asiyejua kuwa ameyabeba.

Nilikuwa nimeshapiga magoti.


18

UNYAYO:

Daraja limetikisika.


19

Wabebaji hawahesabiwi. Hata wangetazama chini, hawajui dadu inaamua nini. Wangeona kidude cha plastiki chenye namba. Msimamizi hahesabiwi. Mama hahesabiwi. Gwakisa anajua, lakini amelala hemani Tunduma, macho wazi. Ambwene amelala hemani.

Nimekata tamaa, nakwambia wazi. Sijui hata ninaomba namba gani. Ikiwa kubwa, kaka yangu alikufa akifurahi kwa ajili yangu, nami nilimwacha gizani chini ya kabati muda wote huu. Ikiwa ndogo, alikuwa anacheka kunificha, akitafuta jinsi ya kuniambia, na Boma wetu aliishia korongoni zamani.

Lakini kuna mmoja nimemfikiria tangu mwanzo. Nimemweleza kila kitu kwa utaratibu, pole pole, bila pupa. Nimemwonyesha meza, daraja, mkono ulio shingoni. Nimemwambia kumi na moja kwenda juu.

Wewe.

Unajua inaamua nini. Kwa sheria ya mlango wa kulia, unafaa.


20

"Dada, fanya haraka, mikono inaachia!"

Kabati liko juu. Kuna vumbi, kuna uzi mwekundu, kuna kijani.

Mimi nimefumba macho. Nitafumbua ukishafika.

Njoo. Zunguka, simama upande wa pili. Si lazima ujue kupigana. Inama.

Usinihurumie.

Soma