Kikao cha Miji Mitatu

Ukitaka kuwa mhandisi wa mawasiliano, hisabati ndiyo sehemu nyepesi. Clémence alikuwa ameshaimaliza. Chuo kimoja cha Buffalo kilimkubali, naye alitakiwa kujibu Jumapili hiyo kabla ya saa kumi na mbili jioni, la sivyo nafasi yake angepewa mwingine. Ilibaki hatua moja tu, ile isiyoandikwa katika kitabu chochote: kikao cha ukoo.

Kikao kilifunguliwa siku hiyohiyo saa tisa alasiri, kwa simu ya video. Mwenyekiti alikuwa baba mkubwa Birindwa wa Louisville, bingwa wa mawasiliano wa familia nzima, kwa kuwa zamani kule Bukavu aliwahi kuuza vocha za simu kwa miezi minne. Shangazi Jolie aliingia kutoka Buffalo, akionyesha paji la uso peke yake. Hapa Whitehall, pembeni mwa Columbus, baba yake Clémence, Mzee Cikuru, alijaa katikati ya kochi, mama akakalia ukingo. Clémence, mwenye shauri lake, alipewa kazi ya maana: kushika simu.

"Bon," alianza Birindwa, "injeniere ni mutu wa kupanda munara. Mutoto mwanamuke atapanda munara na kikwembe kiunoni?"

Clémence alifungua mdomo aeleze kwamba wahandisi wengi huchora mitandao wakiwa wamekaa kwenye viti. Picha ya baba mkubwa ikaganda.

"Clémence, tengeneza!"

Akatengeneza. Shangazi akapotea, akamrudisha. Sauti ikaanza kupiga miluzi, akamwelekeza Birindwa azime simu yake ya pili. Kila alipomaliza kutengeneza, mazungumzo yalikuwa yameshampita.

"Donc," baba yake akasema hatimaye, "shida haiko masomo. Huyu mutoto akienda, nani atakuwa anatuunganisha?"

Hilo hawakuwa wameliwaza. Wakakubaliana kwa hekima yao yote: binti anayejua mawasiliano kiasi hiki hawezi kuruhusiwa kwenda kuyasomea. Abaki, atafute kazi ya kutunza wazee kama wenzake.

"Tuombe," akasema Birindwa.

Macho yakafumbwa katika miji mitatu. Birindwa akamshukuru Mungu kwa mtoto mtiifu, na sala zake hazijawahi kuwa fupi. Clémence akakisukuma kikao pembeni mwa skrini, kikawa kidogo kama kucha, akafungua barua pepe ya chuo. Zilibaki dakika sita. Akapeleka kidole kwenye kitufe cha kukubali nafasi. Alipoinua uso, mama yake alikuwa akimtazama, macho yamefumbuka kabisa.

Mama akaitazama simu, akamtazama binti. Kisha akafumba macho na kuitikia kwa nguvu, "Amina!" ingawa Birindwa alikuwa hajafika hata nusu.

Clémence akabonyeza.