Mgomba wa Maji ya Vyombo

Zipora hakuupanda ule mgomba. Alitupa nyuma ya jiko kipande cha shina chenye mizizi kilichobakizwa na mbuzi, maji ya vyombo yakamwagwa hapo kila jioni, na siku moja akaona jani linachungulia. Angeling'oa siku ileile, yangekwisha. Hakuling'oa. Sasa mgomba ulikuwa umelipita paa la nyasi, umeinama kwa uzito wa mkungu, na kesho yake Mzee Nathanaeli angekuja.

Shamba lilikuwa la Nathanaeli. Mwaka ambao mvua iliwanyima watu wa Kisiwani, kule chini tambarare, Zipora na mumewe Elirehema walipandisha mlima hadi Mbaga, naye akawapa vipande vitatu vya mteremko. Masharti hayakuwa mengi. Walime mahindi na maharage, na kila mavuno wampelekee debe moja. Mgomba, kahawa, au chochote kinachokaa ardhini mwaka hadi mwaka, hapana. Huko milimani anayepanda mti anasema ardhi ni yake, hata kama hajafungua mdomo. Tena tangu Bwana Shauri, mtawala wa wilaya, aanze kuhimiza kahawa, wenye mashamba walikuwa wakali, na wapangaji wawili walikwisha kuteremshwa. Kila mwaka kabla ya vuli Nathanaeli alipita kuwaambia walime au waondoke.

"Mama Yudith," jirani yake Koleta alimwita kutoka mferejini, "siku hizi shamba tukuombe wewe?"

"Njoo na debe lako," Zipora alijibu. Wanawake waliokuwa wakichota maji wakacheka. Yeye akajitwisha mtungi akaondoka.

Nyumbani alimkuta Elirehema akinoa panga.

"Naukata, naufukia," alisema mumewe.

"Na macho ya Koleta utayafukia wapi?"

"Basi turudi Kisiwani tukale vumbi, Mama Yudith?"

Zipora alimtazama binti yao Yudith, aliyekaa chini ya mkungu ameinua shingo. Wiki ya pili hiyo walikuwa wanakunywa uji mara moja kwa siku, na mtoto alikwisha kuzipa ndizi zile majina.

"Ukate," alisema mwishowe. "Lakini usifukie kitu. Nipe ngata."

Hakupita njia ya nyuma. Jua likiwa limepanda, alijitwisha mkungu akashika njia kubwa, akapita mferejini, akapita mbele ya kanisa, shingo imenyooka. Kila aliyemuuliza alimjibu bila kusimama:

"Ndizi za Mzee Nathanaeli hizi. Zimeota shambani kwake."

Nathanaeli alikuwa uani akitia jembe mpini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nini hicho?"

"Ndizi zako."

Mzee aliweka jembe chini. "Nani aliupanda?"

"Hakuna. Uliota penye maji ya vyombo. Ila kuuona niliuona, na sikuung'oa."

"Ungeung'oa."

"Ningeung'oa, baba."

"Ulikuwa na njaa."

"Bado ninayo."

Nathanaeli aliutazama mkungu, akatazama njia ambayo watu wote walikuwa wamemwona akija nao. Hakumkatia hata chana moja, na Zipora hakuomba.

"Machipukizi nayo uyang'oe," alisema. "Nisikute hata moja."

"Niyatupe wapi?"

"Huko korongoni, ng'ambo ya mpaka wangu. Kule hakuna mwenyewe." Aliokota jembe lake. "Mvua ikianza, limeni."

Jioni ile Zipora aliyachimbua machipukizi matatu, akayabeba hadi ng'ambo ya mpaka. Aliyatupa kama alivyoagizwa, moja moja, kwa kuinama, kila moja mzizi ukiangalia chini, akayasogezea udongo kwa mguu.

Tangu siku hiyo hakumwaga tena maji ya vyombo nyuma ya jiko. Aliyachukua kwenye chungu akateremka nayo korongoni. Siku ya tatu Elirehema alimpokea chungu, akatangulia yeye.